Bustani Mbili na Zamu ya Benchi

"Siku kumi tu, Radhia. Mtu hafi kwa siku kumi."

"Hajasema atakufa. Kasema mwanawe anapata kipaimara Jumapili."

"Si atapata mwakani?"

"Awadh, kipaimara si futari, ukiikosa leo ukala kesho. Mtoto anapata mara moja, basi."

Mume wangu akaweka kikombe cha chai mezani polepole, ule upole wa mtu anayetaka aonekane ndiye mwenye busara nyumbani. Ilikuwa Alkhamisi, saa nne asubuhi, tuko jikoni kwetu, mtaa wa Al Khoudh, na ndiyo kwanza nasikia kwamba jana alipotoka kazini alipitia mtaa wa Hamriya kwa wakala wa tiketi. Alimwambia tiketi ya Benedikta, ya leo saa tisa alasiri, isogezwe siku kumi mbele. Hakuniuliza mimi. Hakumuuliza Benedikta mwenyewe, ambaye sanduku lake lilikuwa limefungwa tangu Jumatatu, limesimama nyuma ya mlango wa chumba chake.

"Na yeye umeshamwambia?" nikauliza.

"Nimekuwachia wewe. Nyinyi wanawake mnaelewana."

Benedikta ni msichana wetu wa kazi. Nasema msichana kwa mazoea ya mji huu. Ana miaka thelathini na minne, na binti yake, Skolastika, yuko kwa bibi yake Songea. Yuko nasi mwaka wa pili. Mwezi wa kwanza alikuja na tarehe imeandikwa kwenye karatasi, akanieleza kipaimara ni nini, kwamba askofu mwenyewe anakuja, kwamba mtoto anasimama na msimamizi wake mbele ya kanisa zima, na kwamba yeye aliikosa komunyo ya kwanza ya mtoto huyo kwa sababu alikuwa kwa tajiri mwingine, huko Sohar. Nikamwambia, "Utakwenda." Nilisema kwa mdomo wangu. Tiketi tukakata.

Halafu ikaja Safari ya Furaha Mbili.

Jina hilo kalitunga Awadh. Lilianza kama safari ya kawaida ya watu wa kawaida: Ijumaa tupande gari, twende Dubai kwenye bustani ya michezo yenye hoteli yake ndani, tukae siku nne, turudi. Hapo Awadh akafanya kosa ambalo kwa ukoo wetu halisameheki. Aliitangaza safari kwenye kundi la simu la familia kabla hatujalipa. Kwetu ukitangaza safari umeshakaribisha watu. Dada yake, Noof, mwalimu wa hesabu, akajibu baada ya dakika moja kwamba Dubai ndiyo sawa, kwa sababu ya treni inayopinda kichwa chini miguu juu. Mama yake, Bi Zuwena, akajibu kwa sauti, dakika tatu nzima, kwamba yeye akenda popote ni Abu Dhabi, kwenye bustani nyingine kabisa, maana jirani yake alipelekwa huko na mkwewe, akapigwa picha na dubu mkubwa wa manyoya, na tangu Ramadhani mtaa mzima hauna habari nyingine.

Mtu mwingine angemwambia mama yake ukweli, au angemwambia dada yake. Awadh hajawahi kumwambia mtu hapana tangu azaliwe, isipokuwa mimi. Akaunganisha. Bustani mbili, hoteli mbili, miji miwili, siku tisa. Asubuhi nyingine tunaanzia Dubai na jioni tunamalizia Abu Dhabi, na kuna siku mbili ambapo hoteli zote mbili ni zetu kwa wakati mmoja, kwa sababu, alivyoeleza, "mizigo itakuwa huku na sisi tutakuwa kule."

Akatengeneza jedwali. Akalipeleka kwenye lile duka la karibu na chuo kikuu, wanakochapisha wanafunzi, akalitia nailoni juu lisiharibike. Dubai rangi ya chungwa. Abu Dhabi buluu. Na Benedikta kijivu, kwa sababu ni rangi isiyosumbua macho.

Nami sijatoka safi hapa. Jedwali lilipofika kwenye kundi niliona kile kijivu, na tarehe nilikuwa nazijua. Nikaweka alama ya kidole gumba. Nilijiambia Awadh kakosea, atarekebisha. Ukweli ni kwamba nilijiona niko pembeni ya bwawa, nimelala, hakuna mtoto aliyenikalia tumboni, na wa kukaliwa alikuwa yule wa kijivu.

"Wakala kakwambia nini khasa?" nikamuuliza Awadh.

"Kasema ataibadilisha leo saa sita mchana. Kama hakusikia kitu kutoka kwetu, anaibadilisha."

"Kwa hiyo bado hajaibadilisha."

"Radhia, usianze."

Nikavuta jedwali kutoka kwenye mlango wa friji. Mimi nina diploma ya maabara, na kwenye kituo chetu cha afya ndimi ninayepanga zamu za mafundi wote. Kazi hiyo inakufundisha kitu kimoja: usisome ratiba kwa kuangalia watu wanakwenda wapi. Angalia nani hatoki.

"Hebu nifahamishe," nikasema. "Jumamosi asubuhi, Dubai, treni ya kupinduka. Nani anapanda?"

"Sote."

"Sharti lao mtoto awe na sentimita mia na thelathini. Nimempima Fahd jana mlangoni. Ana mia na ishirini na saba."

"Ataongezeka."

"Kabla ya Jumamosi?"

Akahesabu siku kwa vidole. Nikaendelea na wanetu wengine wawili.

"Ghaya ana miaka saba, hata foleni hawatamruhusu. Aziz ana mitatu. Mama yako hapandi hata ngazi za umeme. Mie moyo wangu unanitosha ulivyo. Kwa hiyo treni ni yako na Noof. Watu wazima wawili. Sisi wengine wote tuko benchi. Sasa Abu Dhabi. Bustani ya watoto wadogo, madubu na vikombe vya kuzunguka. Fahd keshasema akionekana huko na mtu wa darasa lake anahama skuli. Noof hatashuka garini. Aziz anamuogopa hata yule kuku wa kwenye bango la mgahawa, itakuwa dubu la futi saba? Kwa hiyo Abu Dhabi ni ya Ghaya na mama yako. Tumechukua bustani mbili, na katika kila moja wanacheza wawili."

"Ndiyo maana ya kuunganisha. Kila mtu apate chake."

"Na benchi la nani?"

Jibu lilikuwa mkononi mwangu, kijivu, mstari juu ya mstari. Benedikta na Aziz, kivulini. Benedikta na kiti cha magurudumu. Benedikta kushika foleni ya chakula. Benedikta hotelini na mizigo. Jumapili saa tatu asubuhi, saa ambayo askofu atakuwa anampaka Skolastika mafuta kwenye paji la uso, mama yake kaandikwa: mikoba, viatu, mafuta ya jua.

Kengele ya mlango ikalia, wakaingia bila kungoja, kama kawaida yao. Noof mbele, amevaa raba mpya nyeupe za safari ya kesho, "nnazizoeza," kasema. Bi Zuwena nyuma yake na mkoba wa dawa. Bi Zuwena nyumbani kwake hupanda ngazi kwenda darini kuangalia tangi la maji, lakini akiona sakafu ya marumaru iliyong'arishwa, ya duka kubwa au ya hoteli, miguu inakataa na kiti cha magurudumu lazima kipatikane.

"Mbona nyuso hivi?" Bi Zuwena akauliza. "Nani kafa?"

"Hakuna, mama," Awadh akasema. "Ni kuhusu Benedikta. Radhia anataka aende kwao."

"Mie sitaki kitu," nikasema. "Ana likizo. Ana tiketi. Mwanawe ana sherehe kanisani Jumapili."

Bi Zuwena akakaa, akavua miwani. "Kwani huyo mtoto hana bibi?"

"Anaye. Ndiye anayemlea."

"Basi! Si yupo bibi yake?"

"Na Aziz anaye bibi," nikasema. "Ndiye wewe."

Noof akakohoa. Bi Zuwena akavaa miwani tena ili anione vizuri.

"Mie mtu mzima, Radhia. Miguu yangu unaijua."

"Naijua, mama. Naijua ya huku na naijua ya Dubai."

"Radhia!" Awadh akasema.

"Hebu tusigombane," Noof akasema kwa sauti yake ya kufundishia hesabu. "Sherehe ya kanisa inapigwa video siku hizi. Ataiona kwenye simu. Sisi tutampa simu yetu, skrini kubwa. Atakaa pale benchi, kivuli kipo, anaangalia."

"Wewe harusi ya Fahd utaiangalia benchi?"

"Si sawa na harusi."

"Umejuaje?"

Hakujua. Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyeuliza. Nikaita, "Benedikta!"

Akaja na Aziz kiunoni. Alikuwa amekwishavaa gauni la kusafiria, lile la kitenge cha zambarau, na nywele kasuka upya. Akawaamkia wakubwa, akasimama. Nikamweleza kwa maneno machache, bila kuzunguka: baba kaenda kwa wakala, tiketi yako ya leo isogezwe siku kumi, saa sita inabadilishwa, ili twende wote Dubai na Abu Dhabi. Nikamtazama usoni. Hakulia. Alimshusha Aziz chini, akamfuta kamasi, akasimama tena.

"Sawa," akasema.

"Unaona?" Awadh akasema. "Mwenyewe kakubali."

"Nimesema sawa nimesikia, baba. Sijasema sawa nimekubali."

Noof akatoa kicheko kidogo, akakimeza.

"Wewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Mama Fahd, nikitaka au nisipotaka, tiketi iko mkononi kwa baba, na pasipoti iko kwenye droo yenu. Mtoto wangu gauni amelivaa mara tatu kulijaribu. Wiki hii nzima ananiuliza, mama utafika saa ngapi. Nimemwambia nafika Ijumaa usiku na basi la Songea. Sasa mnipe maneno ya kumwambia. Mimi yangu yamekwisha."

"Mwambie kazi," Bi Zuwena akasema.

"Hilo nilimwambia kwenye komunyo, bibi. Amekua, hilo haliendi tena."

"Lakini utaona Abu Dhabi!" Awadh akasema, na naapa alikuwa anasema kwa moyo safi. "Kuna watu wa kwenu hawajawahi kuiona. Utapiga picha na dubu."

"Baba, hata huyo dubu ni mtu kavaa ngozi. Siku yake ya likizo ikifika anaivua, anaondoka. Mimi nimemzidi nini ubaya?"

Fahd alikuwa mlangoni na simu yake, akacheka peke yake, akaona hakuna anayecheka naye, akatoweka.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika tano. Nilikuwa na saa moja, na watu watatu ambao wangeweza kubishana mpaka Magharibi. Kazini, fundi akisema hawezi kupangiwa zamu fulani, simfanyii mawaidha. Naandika jina lake kwenye zamu hiyo, nambandikia ukutani, namwacha alisome. Nikaenda kwenye mkoba wa skuli wa Ghaya, nikatoa kalamu nene nyeusi, ile inayoshika juu ya nailoni. Nikalitandika jedwali mezani.

"Haya," nikasema. "Safari iko palepale. Bustani mbili, hoteli mbili, siku tisa, hakuna aliyenyimwa. Ila kijivu kimekwenda Songea. Tugawane kijivu."

"Unafanya nini? Hilo nimelilipia!" Awadh akasema.

"Jumamosi asubuhi, Aziz kivulini." Nikaandika: Awadh.

"Jumamosi asubuhi mie niko kwenye treni!"

"Treni ni Noof. Wewe una Aziz. Jumamosi mchana, foleni ya chakula, dakika arubaini juani." Nikaandika: Noof.

"Mie?" Noof akasema. "Na mgongo wangu?"

"Mgongo unaopinduliwa kichwa chini miguu juu utashindwa kusimama? Jumapili, mikoba na viatu: Noof. Jumapili jioni, gari kutoka Dubai mpaka Abu Dhabi, Fahd anatapika kila safari, mfuko wa matapishi: Awadh anaendesha, basi mimi. Mimi sijajitoa, mnaona? Jumatatu, Abu Dhabi, kiti cha magurudumu cha mama, asubuhi Awadh, mchana Noof. Jumanne, Aziz mapumziko ya mchana hotelini, muda wa saa mbili, chumba cha giza, bila simu, asije akaamka." Nikaandika: Bi Zuwena.

"Mie nikae gizani?" Bi Zuwena akasema. "Na dubu?"

"Dubu ni saa nane mchana, mama. Aziz analala saa nane."

"Si alale saa tano!"

"Mwambie yeye."

Aziz alikuwa chini ya meza anakula kokwa ya tende. Bi Zuwena akamwinamia. "Aziz, babu, utalala saa tano?"

"La," Aziz akasema, akatema kokwa kwenye raba nyeupe ya Noof.

Niliendelea kuandika. Sikupandisha sauti. Nilifika Jumatano, siku moja kati ya zile mbili za hoteli mbili kwa pamoja, ambapo mtu mmoja lazima akae na mizigo Dubai na wengine wako Abu Dhabi, nikainua kalamu na kuwatazama mmoja mmoja, na ndipo Noof alipokumbuka.

"Kwa kweli," akasema, "mie sijapata kusema, lakini daktari alinambia mgongo wangu treni zile si nzuri."

"Daktari gani?" Awadh akauliza.

"Daktari. Na wiki hii nna mitihani ya kusahihisha. Mnaweza kwenda bila mie. Mie sina neno."

"Kama Noof haendi," Bi Zuwena akasema upesi, "basi Dubai ya nini? Twendeni Abu Dhabi tu, siku mbili, nipige picha yangu, turudi. Na joto lenyewe hili! Mie nlisema tangu mwanzo, siku tisa nyingi."

Hakusema tangu mwanzo. Nina sauti yake ya dakika tatu kwenye simu. Lakini sikumkumbusha, wakati ulikuwa unakimbia.

Awadh alikuwa anatazama jedwali lake, wino mweusi juu ya chungwa na buluu, jina lake mara kumi na moja. Kwa mara ya kwanza nilimwona analisoma kama msomaji.

"Hii," akasema polepole, "hii si likizo. Hii ni kazi."

"Ndiyo," nikasema. "Ulimwandikia mtu siku tisa."

Akajikuna shingo. Simlaumu sana Awadh; si mkali, si bakhili, hajapata kumpigia mtu kelele humu ndani. Tatizo lake ni kwamba kila anapotaka kumfurahisha mtu, gharama yake humwendea asiyekuwepo mezani. Na safari hii alikuwepo, kasimama na kitenge chake cha zambarau, anasubiri.

"Mpigie wakala," nikamwambia.

"Sasa nimwambieje? Jana nimemwambia hivi, leo nimwambie vile, ataniona mimi mtu gani?"

"Atakuona mtu mwenye mke."

Hakunyanyua simu. Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama dari. Hapo nikaona kwamba nikimngoja Awadh aamue tutafika saa sita yeye bado anatafuta njia ambayo wakala hataudhika, na mama yake hataudhika, na dubu hataudhika. Nikachukua simu yake pale mezani. Namba ya siri ni mwaka aliozaliwa. Nyumba nzima tunaijua.

Wakala, Aflah, akapokea. "Ahlan, Bwana Awadh, ndo nilikuwa nataka kuifungua hiyo tiketi—"

"Ni Radhia. Usiiguse. Benedikta anasafiri leo saa tisa, kama ilivyokatwa."

"Lakini Bwana Awadh kasema—"

"Yuko hapa mbele yangu. Awadh, sema naye." Nikamwekea simu mdomoni.

Awadh akavuta pumzi. "Ni kweli," akasema. "Iwe kama ilivyo. Samahani, yakhe."

"Hakuna tabu," Aflah akasema. "Kazi imepungua." Akakata.

Mambo yote yale, na kule Hamriya yalikuwa maneno manne.

Nikaenda chumbani. Pasipoti zetu Awadh alikuwa ameshazitoa kwenye droo, kazifunga pamoja kwa mpira, kazitia kwenye mkoba wa safari: zetu sote, na ya Benedikta katikati. Nikaichomoa. Nikarudi jikoni nikampa mkononi, si mezani.

"Shika. Na ukirudi usiturudishie. Utakaa nayo mwenyewe."

Akaifungua, akatazama picha yake, akaifunga. Akaitia ndani ya gauni, kifuani. "Nikirudi," akasema, "tutazungumza na habari ya zamu zangu, mama."

"Tutazungumza."

"Radhia," Awadh akasema, "lakini hoteli tumeshalipa zote mbili. Tunafuta ipi?"

"Ya mama yako au ya dada yako. Chagua."

"Abu Dhabi haifutwi!" Bi Zuwena akasema.

"Kwani mgongo wangu ukipoa?" Noof akasema.

Wakaanza upya wote watatu, Aziz chini ya meza anawasaidia kwa kupiga kelele. Benedikta alikuwa ameshaleta sanduku. Nikalishika upande mmoja, yeye upande mwingine, tukalitia nyuma ya gari. Alikwenda kufungua mlango wa nyuma, pale anapokaa siku zote na watoto. Nikamfungulia wa mbele. Akakaa, akafunga mkanda, nikatia gari rivasi, tukashika njia ya uwanja wa ndege.